Frigo inanguruma halafu inakata: pima umeme wa nyumba kabla kompreseri haijaungua

Kama uko Bukavu na unasoma hii saa moja ya usiku, nenda kwanza jikoni usikilize frigo yako. Kama inafanya mmmmm sekunde tano ao kumi, halafu tak, kimya, na kisha dakika chache tena mmmmm, tak, basi itoe kwenye prizi sasa hivi ndipo urudi kusoma. Ile sauti ni kompreseri inataka kuanza na haiwezi, na kila mara ikishindwa waya za ndani yake zinapata moto kupita kiasi, ile vernisi inayozifunika inaungua kidogo kidogo, mpaka siku inakwisha waya zinagusana na kompreseri imekufa. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, lakini inaanza na hiyo sauti.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Tulikuwa tunapanga nyumba kule Cimpunda juu, kwenye mteremko, dada yangu mkubwa alikuwa anauza sambaza (samaki wadogo wa ziwa) na yaurti, na frigo ikaanza kufanya hivyo kila jioni. Muuzaji mmoja akatuambia dawa ni stabilizateri kubwa, kile kifaa cha kusawazisha volti, tukajikaza tukanunua, frigo ikatulia siku mbili tatu halafu ikarudilia, na ndani ya wiki kompreseri ikaungua na kilo tisa za sambaza zikaharibika zote. Fundi alipokuja kufungua prizi nyuma ya kabati akakuta domino, kile kidude cha skrubu cha kuunganisha waya, imekuwa nyeusi kama makala, waya ya netri, ile inayorudisha umeme, imeshikilia kwa nyuzi mbili tatu tu. Stabilizateri ilikuwa nzima, umeme wa nje nao ulikuwa unashuka jioni, lakini shida kubwa ilikuwa pale ndani ya ukuta wetu. Dada alikaa chini kwenye ndoo akatazama ile domino muda mrefu bila kusema kitu. Kupima kungetuchukua dakika kumi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ujue hivi: volti inaweza kupotea njiani, yaani kati ya kabini ya kartie (penye transfoma ya mtaa) na nyumba yako, inaweza kupotea ndani ya nyumba, ao umeme hauna kosa na frigo yenyewe njo mgonjwa. Ni vitu vitatu tofauti na dawa ya kimoja haiponyeshi kingine. Kazi ya kupima ni kujua uko kwenye kipi.

Kwanza tuondoe swali ambalo kila mtu ananiuliza: mbona teve inawaka, simu inachaji, ampuli zinawaka, frigo tu njo inakataa? Juu chaja ya simu imetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 100 mpaka 240, soma maandishi madogo yaliyo juu yake utaona. Teve za siku hizi nyingi ni hivyo hivyo, na ampuli nyingi za LED pia zinabaki na mwanga uleule ata umeme ukishuka sana. Kwa hiyo zinakudanganya. Ampuli ya zamani, ile ya waya ndani, njo ilikuwa inasema kweli, ikiwa njano kama mshumaa unajua volti zimeanguka. Kompreseri ni mota, na mota haina huruma: volti zikishuka kutoka 220 mpaka 160, unaona kama umepoteza robo na kidogo tu, lakini nguvu ya mota ya kujisukuma kuanza inabaki karibu nusu, maana inashuka kwa mraba wa volti. Na wakati imekwama bila kuzunguka inavuta umeme mara nne, tano, ata sita kuliko kawaida. Moto wote huo unabaki ndani ya lile chupa jeusi la chuma nyuma ya frigo. Ile tak ni kidude kidogo cha ubavuni mwa kompreseri, mafundi wanakiita kliksoni, kinakata kikisikia moto. Kinakulinda, lakini nacho kinachoka.

Hatua ya kwanza: soma kibandiko cha frigo

Kiko nyuma ao ndani ubavuni karibu na boksi la mboga. Tafuta volti: kwetu Kongo umeme wa nyumba ni 220 na hertzi 50, kwa hiyo kibandiko kinapaswa kusema 220, 230 ao 220-240, na 50Hz. Kama umenunua frigo ya mitumba na kibandiko kinasema 100 ao 115, usiichomeke kabisa, iko na haja ya transfoma yake. Andika pia wati ao amperi. Frigo ya kawaida ya familia ikiwa inazunguka inavuta kama amperi moja ao chini ya hapo. Na angalia gesi: ukiona R600a, ile ni gesi inayoshika moto, usikubali fundi akuje na chalumo kuchoma mabomba bila kutoa gesi kwanza na kufungua madirisha, na kama una mbabula ya makala humo jikoni itoe nje kabla hajaanza. Hiyo siyo ya volti lakini siwezi kuipita bila kuisema.

Hatua ya pili: pata multimetri, na ujue kuishika

Multimetri ndogo ya namba inapatikana Kadutu sokoni, Nyawera, kwa wauzaji wa vifaa vya umeme, na bei yake haifiki ata robo ya kompreseri. Turnevisi testeri ile ya taa ndogo haitoshi. Inakuambia faze (waya inayoleta umeme) iko ao haiko, haikuambii ni volti ngapi, inawaka vilevile kwa 130 na kwa 230.

Waya mweusi unaingia kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la V. Usiweke mwekundu kwenye tundu la A ao 10A, ukipima prizi hivyo unafanya shoti mkononi mwako. Zungusha kitufe mpaka kwenye V yenye alama ya mawimbi, kwenye 600 ao 750. Mikono mikavu, viatu miguuni, watoto wakae mbali, vidole vibaki nyuma ya kile kizuizi cha plastiki. Kama waya za multimetri zimechubuka usizitumie. Ingiza ncha mbili kwenye matundu mawili ya prizi, soma, toa. Basi.

Kama hujawahi kushika kitu cha namna hii na unaogopa, ita kijana anayejua, siyo aibu. Kuko aina ingine, ka fishi (plagi) kenye skrini ndogo, unachomeka tu kwenye prizi kanaonyesha volti muda wote bila kugusa chochote. Kwa mama anayebaki peke yake nyumbani mimi napendekeza hako.

Pima mara tatu kwa siku kwa siku tatu: asubuhi mapema kama saa kumi na mbili, jioni saa moja watu wote wakipika na kupiga pasi, na usiku saa tano. Andika kwenye daftari tarehe, saa, namba. Daftari hilo litakusaidia mbele, usilidharau. Sisi tulipima hivyo kisha kupata hasara, asubuhi 211, jioni 174, saa tano usiku 206, na mara moja tu kuona zile namba zimepangwa kwenye karatasi tulielewa kitu ambacho miezi yote tulikuwa tunakibahatisha.

Namna ninavyosoma namba ni hivi. Kati ya 207 na 240 lala salama. Kati ya 190 na 205 frigo nyingi zitaendesha, lakini sikiliza vile inaanza. Chini ya 187 mimi sichomeki bila kifaa cha kusaidia, juu frigo nyingi za kawaida zinavumilia pungufu ya asilimia 10 mpaka 15 tu. Chini ya 160 ata kama imeanza itoe. Juu ya 250 itoe pia, na chomoa teve na vingine vyote.

Hatua ya tatu: pima wakati frigo inaanza

Hapa njo pazuri na wengi wanaparuka. Volti ya prizi tupu haisemi kila kitu, waya mbovu inaonyesha 215 nzuri kabisa mpaka pale kitu kinavuta ndipo inaanguka. Chukua prizi ya mdomo miwili ao mitatu, frigo upande mmoja, multimetri upande wa pili, mtu mmoja akae anaangalia namba na mwingine achomeke frigo (iwe imekaa dakika tano bila umeme). Angalia namba pale kompreseri inapopiga ule mguno wa kwanza.

Kama ilikuwa 208 ikashuka 202 kwa kufumba na kufumbua halafu ikarudi 207, nyumba yako iko sawa. Kama ilikuwa 208 ikaanguka 165, na taa za nyumba zikapepesa, kuko mahali waya inakunyima. Na kama ikaanguka ikabaki huko chini, frigo inanguruma, chomoa haraka, usingoje kuona mwisho wake.

Sasa fanya kipimo hicho hicho kwenye prizi iliyo karibu kabisa na dijonkteri kuu, ile swichi inayokata umeme wa nyumba nzima. Namba ikianguka sana kwenye prizi ya jikoni lakini kwenye ile ya karibu na dijonkteri haianguki, shida iko ndani ya nyumba, nenda hatua ya nne. Ikianguka sawa kote, ao ikiwa chini kote ata bila frigo, shida iko nje, nenda ya tano. Kupima kwenye dijonkteri yenyewe ao kwenye kompteri (mita ya umeme), mwachie fundi, pale kuna sehemu ambazo hazizimiki ukizima nyumba.

Hatua ya nne: shida ya ndani

Zima dijonkteri kuu, hakikisha na multimetri kama prizi iko sifuri, ndipo ufungue. Unatafuta vitu hivi: plastiki ya prizi imekuwa kahawia, harufu kama ya samaki aliyeungua, skrubu imelegea, nyuzi za waya zimekatika, domino imeyeyuka. Ata kabla ya kufungua, kisha frigo kuzunguka nusu saa gusa fishi yake (kwa plastiki, siyo kwa chuma): ikiwa ya moto, hapo pana shida, fishi ya kitu kinachovuta amperi moja haipaswi kuwa na joto la kusikika.

Waya ya aluminiyo iliyosokotwa na ya kobre (shaba) halafu ikafungwa na sikochi (utepe wa kubandika), hiyo iko kwenye nyumba nyingi sana za kwetu na inaoza polepole, juu zile metali mbili zikikaa pamoja na unyevu zinaota kama kutu ambayo haipitishi umeme vizuri. Bukavu mvua ni nyingi na kuta nyingi ziko na unyevu, kwa hiyo inaenda haraka. Iko na konekta zake maalum za kuunganisha aluminiyo na kobre, sikochi siyo dawa.

Halafu ralonji, ile waya ya kurefusha prizi. Ndugu zangu, ralonji. Chukua ile ralonji nyembamba ya mita 20, waya yake ya milimita za mraba 0,75, frigo imechomekwa pale pamoja na pasi na resho (jiko la umeme). Kobre ya mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa unene huo iko na upinzani karibu omu moja. Pasi ya wati 1000 na resho ya 1500 zinavuta pamoja amperi kama 11, kwa hiyo volti 10 ao 11 zimebaki njiani kama joto ndani ya waya, frigo ikitaka kuanza inavuta zingine 8, ukaanguka na volti 18 ao zaidi kabla ata hujahesabu kosa la nje. Kama nje tayari ni 195 umefika 177. Na waya hiyo haikutengenezwa kwa mzigo huo, ikiwa imekunjwa chini ya kapeti inawaka moto, nyumba za mbao zinaungua kwa namna hiyo. Frigo iwe na prizi yake peke yake, waya ya 2,5 moja kwa moja kutoka kwenye dijonkteri yake ya amperi 16. Kama huwezi leo kufanya hivyo, angalau toa resho na pasi kwenye ralonji ya frigo. Hiyo haigharimu kitu.

Moja ingine, fupi: kama ukigusa mlango wa frigo inakupiga kidogo kidogo, haina waya ya tere (ya ardhi) ao umeme unavuja ndani. Itoe, vaa viatu, ita fundi. Usiizoee.

Hatua ya tano: shida ya nje

Umeme wetu wa Bukavu unatoka karibu sana, pale Ruzizi maji ya ziwa yanapotokea, bwawa la kwanza liko tangu miaka ya 1950 na la pili tangu 1989, lile la pili tunagawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo watu wanasema bwawa liko pale chini, kwa nini kwangu 160? Lakini kati ya bwawa na frigo yako kuko kabini ya kartie, na kutoka kabini kuko waya. Kwenye milima yetu nyumba zimejengwa moja juu ya ingine, poto (nguzo ya umeme) iko huko chini ya avenyu, mmoja anavuta waya mpaka kwake, jirani wa juu anavuta kutoka kwa huyo, wa tatu kutoka kwa wa pili. Waya ya 2,5 ya mita 60 iko na omu 0,84 kwenda na kurudi. Nyumba tatu zikiwasha resho moja moja wakati mmoja zinavuta amperi 21, na volti karibu 18 zimekufa kwenye hiyo waya peke yake. Wa mwisho njo anaumia zaidi, na mara nyingi wa mwisho njo yule mama anayetafuta maisha na frigo.

Hapa uliza jirani wawili watatu, upime kwao pia saa ile ile ya jioni. Kama wote wa waya yenu ni 165 na wa upande mwingine wa barabara ni 212, inawezekana muko kwenye faze iliyojaa: laini ya kartie iko na faze tatu, watu wengi wamelundikwa kwenye moja na zingine mbili ziko nyepesi. Hiyo wanaitengeneza kwa kuhamisha nyumba kadhaa kwenye faze ingine, ni kazi ya kampuni ya umeme na watu wake, siyo ya kijana wa avenyu kupanda poto usiku na mkono mtupu. Vijana wamekufa juu ya poto na hakuna frigo inayolingana na mtoto wa mtu. Nendeni kikundi, na chef wa avenyu kama anakubali, na yale madaftari ya vipimo. Mtu akienda peke yake kusema umeme ni mubaya anajibiwa kama wote. Nyumba nane zikileta karatasi moja yenye tarehe, saa na volti, yule aliye ofisini iko na kitu cha kumpa fundi wake.

Kama muko nyumba tatu ao nne kwenye waya moja nyembamba, changeni mununue waya nzito, ya 6 ao 10, kwa ile sehemu ya pamoja. Mara nyingi inatoka bei ndogo kuliko kila mtu kununua stabilizateri yake.

Netri iliyokatika, hii soma polepole

Kuko hali moja ambayo haingoji daftari. Ghafla taa za chumba kimoja zinawaka kali kama jua, kwa jirani zinakuwa njano, teve inalia, ventileta inakimbia. Hiyo ni netri imekatika ao imelegea kwenye laini ya nje. Faze tatu zinabaki bila mahali pa kurudia, kwa hiyo nyumba zinagawana volti ovyo: mmoja anapata 90, mwingine anapata 300 na zaidi, inaweza kukaribia 380. Usitafute kupima. Zima dijonkteri kuu papo hapo, piga kelele majirani nao wazime, na waite wa umeme. Kadi za elektroniki za frigo mpya, hasa zile zenye kompreseri ya inverta, zinaungua kwa sekunde, na stabilizateri ya kawaida haiwezi kuokoa kwa 350.

Hatua ya sita: sasa njo unaweza kununua

Ukishajua umeme wa nje njo una shida na hauwezi kutengenezwa kesho, angalia daftari lako.

Kama mara nyingi uko 200 na zaidi, lakini umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, ao mara moja moja unashuka, unahitaji kile kifaa kidogo cha kulinda frigo, kinachochomekwa kati ya prizi na fishi. Chenyewe hakiongezi volti ata moja. Kinakata volti zikiwa chini sana ao juu sana, na umeme ukirudi kinangoja dakika kama tatu kabla ya kuachilia. Zile dakika ni za maana sana: kompreseri ikizimwa ghafla, presha ya gesi inabaki imejaa upande mmoja, na ikiwashwa mara moja inasukuma ukuta. Ikingoja dakika tatu mpaka tano presha inalingana yenyewe na inaanza vyepesi.

Kama kila jioni uko 150 ao 170, kifaa hicho kitakata tu na frigo italala jioni yote. Hapo unahitaji stabilizateri. Angalia kwanza volti za kuingia zilizoandikwa, kama inaanza kwenye 180 na wewe uko 155, umenunua sanduku. Tafuta inayoanza 140 ao chini. Kwa frigo moja ya familia usishuke chini ya VA 1000, kwa konjelateri (friza) kubwa panda 2000 na zaidi, juu ile nguvu iliyoandikwa ni ya volti nzuri, volti zikiwa chini inapungua sana. Iwe na kitufe cha kungoja, chagua sekunde 180 na siyo 6. Iweke juu ya kitu kikavu, penye hewa, siyo juu ya frigo ikifunikwa na kitambaa cha maua. Na ukumbuke: stabilizateri haitengenezi umeme. Ili itoe 220 kutoka 150 inavuta amperi nyingi zaidi kwenye waya yako. Kama waya ni mbovu, itaiunguza haraka zaidi, njo kile kilichotupata Cimpunda. Tengeneza waya kwanza.

Ambaye hana pesa ya hivyo vyote afanye hivi: umeme ukienda chomoa frigo, ukirudi ngoja dakika kumi ndipo uchomeke, na jioni kati ya saa kumi na mbili na saa nne iache imechomolewa, mlango umefungwa. Frigo iliyofungwa inashikilia baridi kama saa nne, konjelateri iliyojaa inaweza kufika siku mbili. Jaza chupa za maji kwenye konjelateri usiku wa manane umeme ukiwa mzuri, zikiwa barafu zihamishie moja moja kwenye frigo jioni. Dada yangu anaendesha hivyo mpaka leo, chupa nane za lita moja na nusu, na sambaza zake zinafika sokoni zikiwa bado zinang'aa.

Kwa wanaotumia grupu (jenereta) ao konvertiseri ya jua (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba): grupu ndogo ichomekewe frigo kisha imetulia, na uitoe kabla mafuta hayajaisha, maana ikikaribia kuzima volti zinayumba vibaya. Konvertiseri iwe ya sinusi safi, yaani mawimbi laini kama ya umeme wa laini, zile za bei chini zinaifanya kompreseri kunguruma na kupata moto ata kama skrini inasema 220.

Kama volti ni nzuri na bado inakataa

Umepima 214 wakati inaanza, haianguki, na bado mmmmm tak. Basi usilaumu umeme. Chomoa, fundi atoe ile rele, kidude cha kuisaidia kompreseri kuanza kilichobandikwa ubavuni mwake, aitikise sikioni: ikilia kama njugu ndani ya kopo, imevunjika, na ni kitu cha bei ndogo. Halafu apime zile ncha tatu za kompreseri kwa omu. Kipimo kikubwa kati ya ncha mbili kinapaswa kuwa sawa na jumla ya vile viwili vingine, na kati ya ncha yoyote na chuma cha mwili pasiwe na kitu. Hesabu ikikubali na chuma kiko safi, badilisha rele na kliksoni kwanza, usikubali kuuziwa kompreseri. Hesabu ikikataa ao chuma kinajibu, hapo kweli imeungua, na kabla ya kuweka mpya rudia hatua ya tatu, na ufungue ile prizi ya nyuma ya kabati.